Kuchagua bakapu ya mtandaoni kwa faili za kompyuta ya nyumbani

Wengi huanza kuchagua huduma ya bakapu, yaani nakala ya akiba ya faili, kwa kuuliza bei. Anzia mwisho. Siku laptop imeibwa, au diski imeanza kugonga tik-tik na kompyuta haiwaki, utataka kurudisha faili zipi, za tarehe gani, kwa intaneti ya aina gani, na nywila atakuwa nayo nani? Ukiyajibu hayo, huduma nyingi zitajiondoa zenyewe na bei itabaki kuwa jambo dogo. Tafuta karatasi na kalamu, tenga jioni mbili.

Kwanza: Drive uliyonayo si bakapu

Google Drive, OneDrive, Dropbox na iCloud kazi yake ya msingi ni kusawazisha, yaani kilicho kwenye kompyuta kiwe sawa na kilicho mtandaoni. Sawa pamoja na makosa yake. Mtoto akifuta folda ya picha nyumbani, baada ya dakika chache imefutika mtandaoni na kwenye simu pia. Pipa la taka la Google Drive hushikilia vitu siku 30, la OneDrive ya mtu binafsi vilevile siku 30. Baada ya hapo hakuna wa kumlilia. Na kirusi cha utekaji kikifunga faili zako ili udaiwe fidia, zile zilizofungwa ndizo zitakazopanda na kuzifunika nzima.

Bakapu huenda upande mmoja tu. Inanakili, inatunza matoleo ya zamani, na haifuti mara moja eti kwa sababu wewe umefuta. Endelea kutumia Drive kwa kazi za kila siku, ila usiihesabu.

Mtego mmoja hapa: OneDrive inaweza kukuonyesha faili ambayo kwa kweli haipo kwenye diski, ina alama ya wingu tu pembeni. Programu nyingi za bakapu haziwezi kunakili kitu ambacho hakipo, na nyingine huziruka folda za OneDrive na Dropbox kabisa. Bofya kulia folda husika, chagua "Always keep on this device", usubiri alama igeuke kuwa tiki ya kijani. Kisha, utakapofika kwenye jaribio la hatua ya 7, hakikisha folda hiyo imo.

Hatua ya 1: Pima mzigo

Kwenye Windows ingia C:\Users, bofya kulia folda yenye jina lako, chagua Properties na usubiri tarakimu zitulie. Kwenye Mac chagua folda yako ya nyumbani, bonyeza Command-I. Andika idadi ya GB.

Sasa fungua diski D, kama ipo. Mafundi wetu wengi wakipiga Windows hugawa diski moja vipande viwili, C na D, na kumwambia mwenye kompyuta aweke vitu vyake D "kwa usalama". Ni kweli kwamba fundi akipiga Windows tena atafuta C na kuiacha D. Lakini C na D ni chuma kimoja. Diski ikifa, zinakufa pamoja, na mwizi hachukui C akakuachia D. Kibaya zaidi, programu nyingi za bakapu zikisakinishwa huchagua folda za C:\Users pekee, hivyo D yote inabaki nje na hakuna anayekuambia.

Vipo na vilivyojificha. Barua pepe za Thunderbird hukaa ndani ya AppData\Roaming, folda ambayo Windows haiionyeshi hadi uwashe "Hidden items". Outlook ya zamani ina faili la .pst, mara nyingi ndani ya Documents\Outlook Files. QuickBooks huweka faili za kampuni chini ya C:\Users\Public, si kwenye folda yenye jina lako. Anayefanyia mahesabu ya duka nyumbani anaweza kuwa na bakapu nzuri ya picha za harusi na asiwe na hata mstari mmoja wa mauzo.

Kisha punguza. Programu ya bure kama WizTree au WinDirStat hukuonyesha folda zilizovimba. Gawa mafungu matatu: yasiyopatikana tena popote (picha na video za familia, vyeti vilivyoskaniwa, tasnifu, vitabu vya hesabu), yanayopatikana kwa usumbufu, na yanayoshushwa tena bila tabu (filamu, visakinishi vilivyojazana kwenye Downloads). Fungu la tatu halipandi. Usishangae GB 400 zikishuka hadi 180.

Hatua ya 2: Pima kasi ya kupandisha

Kasi unayotangaziwa kwenye kifurushi cha nyumbani kwa kawaida ni ya kushusha. Bakapu inahitaji ya kupandisha, ambayo kwenye laini nyingi za simu na ruta za 4G huwa ndogo zaidi. Fungua fast.com, bonyeza "Show more info", usome tarakimu ya "Upload". Pima mara tatu: asubuhi, saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni, na saa nane usiku. Chukua ya katikati.

Tarakimu hiyo ni megabiti kwa sekunde (Mbps), na biti 8 ndizo baiti 1. Kwa hiyo Mbps 1 hupandisha takriban GB 0.45 kwa saa, kama kila kitu kiko shwari. Hakiwi shwari, toa asilimia 20.

Chukua mfano wa GB 180 kwa kasi ya Mbps 3. Mara 0.45 ni GB 1.35 kwa saa, ukitoa asilimia 20 unabaki na GB 1.08. Kompyuta ikiwaka usiku na mchana, kazi itaisha kwa siku saba. Ikiwaka saa tano tu kwa siku, ni siku 33, na hapo umeme usikatike. Hesabu hii ndiyo inayoamua kama unahitaji huduma ya kupandisha kila kitu au ya vitu vichache vilivyochaguliwa, na hakuna tangazo litakalokufanyia.

Halafu bando. Kupandisha kunakula bando kama kushusha kunavyokula. Hata kifurushi kinachoitwa "bila kikomo" mara nyingi kina kiwango cha matumizi ya haki, na ukikivuka kasi inashushwa hadi mwisho wa mwezi. Uliza kiwango hicho ni GB ngapi kabla ya kuanza. Kama intaneti yako yote ni ya simu, usijaribu kupandisha GB 180: panda na hati na picha za lazima, labda GB 10 au 15, na picha zilizobaki ziwe kwenye diski mbili za nje, moja ikakae kwa dada au shangazi mtaa mwingine.

Hatua ya 3: Unataka kurudi nyuma kiasi gani?

Swali hili huulizwa na wachache na ndilo linalowaangusha wengi. Faili likiharibika leo, utaligundua lini? Lahajedwali la kikundi cha kuweka na kukopa utalifungua wiki hii. Folda ya picha za mwaka 2014 unaweza usiiguse hadi msiba au sherehe ije. Huduma inayotunza vilivyofutwa kwa siku 30 inakutosha kwa lahajedwali na inakuangusha kwa picha. Tafuta mwaka mmoja au zaidi.

Maneno ya kutafuta kwenye ukurasa wa huduma ni "version history" na "deleted files retention", na ni vitu viwili tofauti. La kwanza linahusu faili ulilobadilisha, la pili faili ulilofuta. Backblaze Personal Backup hutoa historia ya mwaka mmoja bila kuongeza malipo, lakini kaangalie kwenye mipangilio ya akaunti kama umewekewa mwaka au siku 30. IDrive hutunza hadi matoleo 30 ya kila faili, na uliyoifuta kwenye kompyuta haiondoi hadi wewe mwenyewe uagize usafishaji. Uzuri wake unaonekana. Ubaya wake ni kwamba takataka zako nazo zinahesabiwa kwenye nafasi uliyolipia.

Kuhusu diski za nje, soma kanuni kwa makini. Baadhi ya huduma hukubali kunakili diski ya USB, lakini isipochomekwa kwa muda fulani huihesabu kuwa imefutwa, na nakala zake zinaondolewa. Mtu aliyeweka diski kabatini akiamini iko mtandaoni hana kitu.

Hatua ya 4: Aina tatu, chagua moja

Ya kwanza ni ya kompyuta moja bila kikomo cha GB. Backblaze ndiyo inayojulikana zaidi. Ilianza 2008 kwa dola 5 kwa mwezi, na Oktoba 2023 ilifika dola 9 kwa mwezi au 99 kwa mwaka. Unaisakinisha, inachukua karibu kila kitu isipokuwa Windows yenyewe, programu, na aina kadhaa za faili kama .iso (nakala nzima ya diski) na za mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta). Inafaa mwenye kompyuta moja, mzigo mkubwa na intaneti nzuri.

Ya pili ni ya GB maalumu kwa kompyuta nyingi, mfano IDrive. Hii inaifaa nyumba yenye laptop tatu na mzigo wa kiasi. Hapa wewe ndiye unayechagua folda, kwa hiyo kosa la kusahau D ni lako.

Ya tatu ni kukodi nafasi tupu na kutumia programu yako mwenyewe. Kwa kiwango cha dola 6 kwa TB (GB 1,000) kwa mwezi kilichoanza Oktoba 2023, GB 180 kwenye Backblaze B2 zinagharimu dola moja na senti chache kwa mwezi. Programu kama Duplicati, Kopia au restic ni za bure, husimba faili (huzigeuza zisisomeke bila ufunguo) kabla hazijatoka kwenye kompyuta, na hazipandishi mara mbili kipande kilekile cha data. Hii ndiyo tunayoipenda sisi tunaoshinda kwenye kompyuta, na ndiyo tusiyomshauri mtu ambaye, siku ya tatizo, atakayerudisha faili ni mke wake, mumewe au mtoto wa kidato cha pili.

Katika zote tatu, ikague kampuni yenyewe. CrashPlan iliacha huduma ya majumbani na kuifunga Oktoba 2018. Amazon Drive ilifungwa 31 Desemba 2023. Wateja walipewa taarifa mapema, ila taarifa hupitia barua pepe, na barua pepe ambayo huifungui haikusaidii.

Nafasi za bure usizitegemee kwa bakapu: Google hutoa GB 15 zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, OneDrive 5, iCloud 5, Dropbox 2. Picha za simu peke yake humaliza hizo.

Hatua ya 5: Ufunguo nani anao?

Karibu huduma zote husimba data kwa njia imara iitwayo AES, kwa hiyo tangazo la "usalama wa kiwango cha kijeshi" halikuambii kitu. Swali ni nani anashika ufunguo. Kwa chaguo la kawaida, kampuni inao: ukisahau nywila wanakusaidia, na wakilazimishwa na mahakama wanaweza kufungua. Kwa ufunguo binafsi, unao wewe peke yako, na ukipotea data imebaki herufi zisizosomeka milele. Hawakuonei, ndivyo hisabati ilivyo.

Ushauri wetu: kwa picha na hati za nyumbani, ufunguo wa kawaida pamoja na uthibitisho wa hatua mbili (nywila na namba ya mara moja) unatosha. Kama kwenye kompyuta hiyo zimo taarifa za wagonjwa, wateja au wanafunzi, tumia ufunguo binafsi. Sheria za ulinzi wa data (ya Kenya ni ya 2019, ya Tanzania ni ya 2022) zinakugusa hata ukifanyia kazi mezani kwako sebuleni. Baadhi ya huduma, IDrive ikiwemo, hukutaka uamue wakati wa kufungua akaunti, kwa hiyo amua kabla ya kubonyeza "Next".

Uthibitisho wa hatua mbili uwe wa programu ya simu, usiwe wa SMS. Laini hutekwa, na laini isiyotumika hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Chapisha zile namba za dharura wanazokupa. Akaunti usiifungue kwa barua pepe ya kazini, maana siku ukiacha kazi utaacha na picha za watoto.

Hatua ya 6: Malipo yasiyokatika

Huduma nyingi hutaka kadi ya Visa au Mastercard. Kenya ipo kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay tangu 2022, na kampuni za simu na benki za nchi jirani nazo zina kadi za aina hiyo. Shida si malipo ya kwanza, ni ya pili. Kadi pepe ikikutwa haina salio siku ya kukatwa, au muda wake umekwisha, huduma inasimama, na baada ya muda wa kusubiri nakala zako zinafutwa. Lipa kwa mwaka, weka ukumbusho kwenye simu wiki mbili kabla, na upige hesabu kwa shilingi ukiongeza kodi na tozo ya kubadilisha fedha.

Hatua ya 7: Jaribu kurudisha kabla ya kulipa

Backblaze hutoa siku 15 za majaribio, IDrive GB 10 za bure. Tumia muda huo kwa zoezi hili, linachukua siku mbili na dakika kumi na tano za kazi:

Tengeneza folda mpya kwenye D, uiite "Jaribio la bakapu". Ndani yake weka picha moja, video moja ya zaidi ya MB 500, na hati ya Word yenye sentensi moja: "Toleo la kwanza." Subiri programu iseme imemaliza. Kesho yake badilisha sentensi iwe "Toleo la pili", hifadhi, subiri tena. Sasa futa folda nzima na umwage pipa la taka. Nenda kwenye kompyuta nyingine, ya jirani au ya ofisini, ingia kwenye tovuti ya huduma kwa nywila yako, na urudishe hati ya jana, ile inayosema "Toleo la kwanza", pamoja na video.

Kama video inacheza hadi mwisho na hati imerudi na sentensi sahihi, huduma imefaulu. Kama hukuiona folda kabisa, D haikuchaguliwa. Kama umepata "Toleo la pili" tu, matoleo hayatunzwi au hukuipa muda wa kutosha kati ya mabadiliko. Kama umeshindwa kuingia kwa sababu namba ya uthibitisho inakuja kwenye ile kompyuta "iliyoibwa", umegundua tatizo kwa bei rahisi sana.

Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya wataalamu watupu, walifuta hifadhidata yao kwa bahati mbaya, wakakuta kwamba kati ya njia tano za bakapu walizokuwa nazo hakuna iliyokuwa inafanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla.

Hatua ya 8: Nakala ya kwanza

Zuia kompyuta isilale: kwenye mipangilio ya Power weka "Sleep" kuwa "Never" wakati imechomekwa kwenye umeme. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya watu kusema bakapu "haiishi".

Punguza kasi ya programu hadi asilimia 70 ya kasi yako ya kupandisha mchana, uifungulie yote usiku. Njia ya kupandisha ikijaa, hata kushusha kunakwama, kwa sababu kila kipande cha data kinachoshuka kinahitaji jibu linalopanda. Nyumba nzima italalamika na mtu atazima programu. Kama seva ziko Marekani na kasi haifiki ile uliyopima, ongeza idadi ya "threads" (mikondo ya kupandisha kwa wakati mmoja) hadi 4 au 8, maana umbali unabana mkondo mmoja mmoja kuliko mingi kwa pamoja.

Panga foleni: hati kwanza, picha, video mwisho. Umeme ukikatika, programu nzuri huendelea ilipoishia. Nyingine huanza upya faili lililokuwa njiani, na hilo likiwa video ya GB 40 hutamaliza kamwe. Liangalie hili mapema.

Huduma za kutumiwa diski kwa posta, kupandishia au kurudishia, usiziweke kwenye mpango. Safari, forodha na muda wa kurejesha diski havikufai ukiwa Morogoro au Kisumu.

Na diski ya nje bado inahitajika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na majirani. Siku kama hiyo bakapu yako ni salama lakini huifikii. Diski ya TB 1, ichomekwe mara moja kwa wiki na kuchomolewa ikimaliza, kwa sababu ikibaki imechomekwa kirusi kitaifunga na yenyewe.

Mwisho rudi kwenye ile karatasi. Andika jina la huduma, barua pepe ya akaunti, ufunguo binafsi kama upo, namba za dharura, tarehe ya malipo yajayo, na mistari mitatu ya jinsi ya kurudisha, kwa maneno ambayo mtu mwingine wa nyumbani ataelewa. Tengeneza nakala mbili. Moja ikae na hati ya kiwanja, nyingine nje ya nyumba, na hakuna hata moja inayokaa kwenye mkoba wa laptop.